Chozi wa Kakamega: Ndege Mdogo, Amana Kubwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba akapamba, na akaruzuku kila kiumbe pahali alipo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, wapenzi wasomaji, wiki hii tunaomba ruhusa ya kuwatoa pwani na kuwapandisha bara hadi Kakamega, magharibi ya Kenya, kwa ajili ya ndege ambaye mara nyingi uzito wake haufiki uzito wa kijiko cha chai. Tunatumai mama atakayeusoma ukurasa huu jikoni, na baba atakayeusoma barazani, watawasomea na watoto wao, kwani watoto ndio wanaohusika zaidi na tutakayoyaeleza.

Kilichotupeleka huko ni arusi. Wengi wenu mnajua kuwa Mumias, mji ulio katika kaunti ya Kakamega, una Waislamu wa tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilifika katika dola ya Wawanga, na wakati wa utawala wa Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949, dini ikatia mizizi. Tangu hapo udugu haukukatika: watu wa Mombasa wameoa Mumias, na watu wa Mumias wameozesha Mombasa. Nasi tulikwenda kwa njia hiyo hiyo, tukapokewa kwa ukarimu tusioweza kuulipa.

Asubuhi ya pili baada ya walima tulikuwa tumekaa barazani. Mbele ya nyumba palikuwa na mti ambao Waluhya wanauita murembe, mti wa miiba ambao hupukutisha majani yake kisha ukajipamba kwa maua mekundu kama makaa. Ghafla akaja ndege mwembamba, mkia mrefu, rangi yake kama dhahabu iliyochanganywa na shaba. Akatua juu ya kitawi, akainama, akatia mdomo wake uliopinda ndani ya ua moja baada ya jingine. Binti mmoja tuliyesafiri naye akapiga kelele kwa furaha, "Huyo ndiye ndege mvumaji! Nimemwona kitabuni!"

Binti alikosea, lakini kosa lake ni la watu wazima wengi.

Tofauti ya ndege wawili

Ndege wavumaji, wale ambao mabawa yao huenda kasi hata yakatoa mvumo kama wa nyuki, hawaishi Afrika kabisa. Makao yao ni bara la Amerika na visiwa vyake, na aina zao zinapita 300. Katika kisiwa cha Kuba yuko aliye mdogo kuliko ndege wote duniani, uzito wake ni kama gramu mbili tu. Katika kisiwa cha Jamaika yuko mwingine ambaye dume wake ana manyoya mawili marefu ya mkia yanayopeperuka nyuma yake kama utepe, na watu wa nchi hiyo wamemfanya kuwa ndege wao wa taifa.

Wetu sisi ni chozi. Jina lake linafanana na lile chozi linalotoka jichoni. Aina za chozi zinapita 130, nao huishi Afrika, Asia, na kufika mpaka Australia. Chozi na ndege mvumaji hawana udugu wa karibu, ila Mola amewapa kazi moja pande mbili za dunia, na kwa kazi hiyo akawapa vyombo vinavyofanana: mdomo mwembamba, ulimi mrefu na mavazi yanayong'aa. Tofauti kubwa unaiona wakati wa kula. Ndege mvumaji hubaki akielea mbele ya ua, na anaweza hata kuruka kinyumenyume. Chozi naye anaweza kuelea kidogo inapomlazimu, lakini desturi yake ni kutua kwanza, akashika kitawi kwa miguu yake yenye nguvu, kisha akala kwa utulivu.

Vazi lisilo na rangi

Siku iliyofuata tulikwenda katika msitu wa Kakamega kupitia upande wa Isecheno. Kijana wa kwao aliyetuongoza alikuwa akisikia mlio akataja ndege kabla hatujamwona, nasi tukaona aibu kwa kuwa tumeishi na chozi maisha yetu yote tukawaita kwa jina moja tu.

Tulimwona chozi koo-kijani, mwenyeji wa misitu ya Kongo na Uganda ambaye makao yake yanafika magharibi ya Kenya. Dume ni mweusi wa kahawia, lakini utosi na koo lake ni kijani kinachometameta. Tulimwona chozi kichwa-kijani, ambaye jike naye amepewa utosi wa kijani, ingawa koo lake ni la kijivu. Tulimwona chozi mdogo mwenye mgongo wa kijani na tumbo la manjano. Yule wa murembe kule Mumias aliitwa chozi shaba, na kwa hakika jina limempata. Tena tulimwona chozi wa rangi ya zaituni, dume na jike wote rangi moja iliyofifia, hawana mng'aro wowote. Huyo ndiye aliyetupendeza zaidi, kwa sababu anaishi msitu huo huo, anakula maua yale yale, wala hapungukiwi na kitu kwa kukosa pambo.

Mng'aro wa chozi una ajabu yake. Ukiokota unyoya wa kijani wa chozi, ukausaga ukawa unga, hutapata unga wa kijani. Rangi ile haikutiwa ndani ya unyoya kama mwanamke anavyotia hina mkononi. Ndani ya unyoya mna chembechembe ndogo mno, zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na nuru ya jua inapozipiga hurudi kwa macho yetu ikiwa kijani, au zambarau, au dhahabu. Ni jambo lile lile linaloonekana ndani ya kombe la chaza na juu ya povu la sabuni. Ndiyo maana chozi akigeuza shingo kidogo, kile kijani huzimika akawa mweusi, akigeuka tena huwaka. Basi lile vazi ni mpango na nuru, na anayelivaa hajui kamwe kuwa analo.

Chakula chake na kiasi chake

Chozi hula mbochi, yaani maji matamu yaliyomo ndani ya maua. Ulimi wake umekunjwa kama mrija, na ncha yake imegawanyika, hivyo huyafikia maji yaliyo chini kabisa ya ua. Pale ua linapokuwa refu kuliko mdomo wake, mara nyingine hulitoboa kwenye kitako akanywa bila kupita mlangoni. Lakini akipita mlangoni, hutoka na chavua kwenye paji la uso wake akaipeleka ua jingine, na kwa njia hiyo mti hupata mbegu. Ipo mimea inayoota juu ya matawi ya miti mingine ambayo maua yake hayafunguki vizuri mpaka yaguswe: chozi akitia mdomo, ua hupasuka kwa kishindo kidogo likammwagia chavua kichwani. Mgeni na mwenyeji wamewekeana ahadi, na kila mmoja huitimiza.

Lakini chozi haishi kwa tamu peke yake. Hula pia wadudu na buibui wadogo, na makinda yake ndiyo yanayohitaji zaidi chakula hicho, kwani hayawezi kukua kwa maji matamu. Tafadhali lishikeni jambo hili, maana tutalirudia.

Hapa Kenya, karibu na Ziwa Naivasha, wataalamu wawili wa Marekani, Frank Gill na Larry Wolf, waliwachunguza chozi wa mabawa ya dhahabu, na mwaka 1975 wakachapisha waliyoyaona. Chozi hao hushika kiwanja cha maua na kuwafukuza wenzao. Wataalamu walipima viwanja wakaona vinatofautiana sana kwa ukubwa: pale penye maua machache kiwanja kikubwa, pale penye maua mengi kiwanja kidogo. Lakini walipohesabu maua yenyewe, idadi ilikaribiana, nayo ilitosha mahitaji ya ndege mmoja kwa siku moja. Tena mbochi inapokuwa tele kila mahali, chozi huacha hata kugombana, kwa sababu nguvu anayoitumia kufukuza ni zaidi ya faida anayoipata.

Tulipoyajua haya tulikumbuka ile hadithi aliyoipokea Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, iliyomo katika Sunan ya Imam Tirmidhi, juu ya ndege watokao asubuhi matumbo matupu na kurudi jioni wameshiba. Ndege hakukaa kiotani akingoja. Ametoka, amefanya kazi, ameshika kiasi chake. Sisi je, ni mara ngapi ndugu wa tumbo moja wamefikishana kwa kadhi kwa ajili ya ukuta wa ua, na kila mmoja ana nyumba na chakula chake cha siku?

Mama mjenzi

Sasa tuingie nyumbani kwa chozi, kwani huko ndiko kuna somo la akina mama. Kiota cha chozi ni kifuko kinachoning'inia kwenye ncha ya tawi. Mlango wake uko ubavuni, na mara nyingi juu ya mlango huwa na kipaa kidogo cha kuzuia mvua. Anayekijenga ni jike, na kazi hiyo kwa kawaida huifanya peke yake. Hukusanya nyasi, majani makavu na vipande vya magome, kisha huvifunga kwa utando wa buibui, ambao una nguvu na hunyumbuka upepo unapovuma. Ndani hutandika vitu laini. Hutaga mayai machache, mara nyingi mawili, akayaatamia yeye mwenyewe kwa muda wa wiki mbili hivi. Makinda yakitoka, dume wa aina nyingi za chozi husaidia kuleta chakula, lakini wa kuyafunika usiku ni mama.

Kwa sababu hii jike wengi wamepewa rangi iliyofifia. Dume anayeng'aa huonekana na kila mwewe, bali yule anayekaa juu ya mayai amestiriwa. Tunawaachia wasomaji wetu wa kike watafakari wenyewe.

Visiwa viwili

Msitu wa Kakamega ni kisiwa. Si cha bahari, bali cha miti. Zamani misitu ya mvua ya Kongo ilienea mashariki hadi huku, na Kakamega ndiyo kipande chake cha mwisho upande wa mashariki. Msitu uliotengwa kisheria una ukubwa wa kilomita za mraba 240 hivi, nao uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,500. Serikali iliuwekea mipaka tangu mwaka 1933, miaka ile ile ambayo watu walifurika Kakamega kutafuta dhahabu, na mwaka 1985 sehemu ya kaskazini, upande wa Buyangu, ikafanywa hifadhi ya taifa. Pande zote umezungukwa na mashamba ya mahindi, chai na miwa, na nyumba za watu wengi. Kasuku wa kijivu waliokuwa wakiruka juu ya miti hiyo kwa makundi sasa wamebaki wachache sana, kwa kunaswa na kwa kukatiwa miti yao.

Watu wa pwani msidhani kuwa hilo ni la bara peke yake. Chozi wa Pemba, ambaye dume wake ana kijani kizito na ukanda wa zambarau kifuani, haishi popote duniani ila Pemba na visiwa vidogo vilivyo jirani. Mpemba humwona kila asubuhi kwenye ua wake na kwenye mikarafuu, akadhani dunia nzima inaye. Kumbe yeye ndiye mlinzi wake. Kiumbe wa kisiwani akitoweka kisiwani, hakuna bara la kumkopesha.

Yaliyotokea nyuma ya jiko

Tuliporudi Mumias jioni, tulimkuta mjukuu wa mwenyeji wetu, mtoto wa kama miaka kumi, amesimama uani na manati shingoni. Mkononi ameshika chozi jike, amekufa, kichwa kimelala upande. Alitaka kutuonesha shabaha yake. Bibi yake alitoka jikoni, akamtazama ndege, kisha akatazama mlimau ulio nyuma ya jiko. Akasema kwa sauti ndogo, "Mjukuu wangu, umenifanya nini? Ana watoto."

Kiota kilikuwa pale, kinaning'inia usawa wa uso wa mtu. Bibi alikuwa akimwona mama huyo tangu alipoanza kuchukua utando wa buibui chini ya paa la jiko, na alikataza kutandaza nguo karibu na mti ule. Ndani mlikuwa na makinda mawili, bado hayana manyoya.

Hatukuwa na uso wa kumkemea yule mtoto. Tulipokuwa na umri wake nasi tulikuwa na manati, na katika shamba la minazi tuliwaangusha chozi waliokuja kwenye maua ya mnazi, tukawahesabu kama kete za bao. Mwalimu wetu wa chuoni alituchapa kwa kusahau herufi, lakini kwa chozi hakuna aliyetuuliza. Hatukuwahi kulisema hili mbele ya watu mpaka jioni ile.

Dume alikuja mara tatu kabla ya magharibi, mdudu mdomoni, akalisha. Mtoto alimwona. Watu wa nyumbani walijaribu kutia tone la maji ya sukari, lakini mmekwishajua kwamba hiyo si riziki ya makinda. Usiku wa Kakamega ni wa baridi, si kama wa kwetu, na dume hakuingia kiotani. Alfajiri, baada ya sala, bibi alikwenda na taa, akarudi akitikisa kichwa.

Mtoto akatuuliza, "Ustadh, Mungu atanisamehe?" Tulimjibu kuwa yeye hajabaleghe, kalamu bado haijamwandikia, na mlango wa toba uko wazi hata kwa wakubwa. Lakini tukamwambia pia yale ambayo sisi hatukuambiwa. Tulimhadithia kisa alichokipokea Ibn Mas'ud, kilichomo katika Sunan ya Abu Daud: sahaba walichukua makinda mawili ya ndege safarini, mama yao akaja akipigapiga mabawa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akauliza ni nani aliyemtia uchungu ndege huyo kwa watoto wake, akaamuru warudishiwe. Katika Sunan ya Imam Nasai imo riwaya kwamba ndege aliyeuawa kwa upuuzi atamshitaki aliyemuua siku ya Kiama. Na Qur'ani, katika Sura ya Al-An'am, imetufahamisha kwamba ndege ni umma kama sisi tulivyo umma.

Sheria imeruhusu kuwinda kwa haja ya chakula, na wanazuoni wameruhusu kufuga ndege kwa sharti la kumlisha na kutomtesa, wakitaja kisa cha Abu Umair, yule mtoto aliyefiwa na ndege wake mdogo na Mtume akamliwaza. Lakini kuua kwa mchezo hakuna aliyekuruhusu. Mwenye chozi mkononi ana nyama isiyomshibisha paka.

Tunachowausia

Wazazi wapenzi, hatuombi jambo zito. Tazameni kamba iliyo shingoni mwa mtoto. Ikiwa ni manati, ichukueni kwa upole, mkampe sababu kabla ya kumpa adhabu. Mkiona kifuko cha nyasi kinaning'inia mlimauni au chini ya upenu, kiacheni, na wala msikate tawi lile kwa wiki chache. Pandeni maua: mkomamanga, mgomba, au ua lolote lenye kikombe kirefu. Imepokewa na Anas, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mwislamu akipanda mti kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Fikirini, mama anaweza kuwa amelala usingizi wa mchana, na sadaka yake ikaandikwa dirishani kwa kila tone la mbochi. Na mkijaliwa kufika Kakamega, ingieni msituni na watoto, mkae kimya nusu saa.

Siku ya kuondoka kwetu, bibi alikata kipande cha tawi la murembe, kwani mti huo huota kwa kuchomekwa. Akampa mjukuu wake jembe. Mtoto alichimba shimo pembeni mwa mlimau, akakichomeka, akamwagia maji kwa birika la udhu. Ile manati hatukuiona tena, wala hatukuuliza. Dume la chozi lilikuwa juu ya murembe mkubwa, linaimba kama lilivyoimba siku ya kwanza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyafanya tukiwa wadogo na tuliyoyanyamazia tukiwa wakubwa, na aijaze huruma mioyo ya watoto wetu kwa kila chenye roho. Amin.